Sauti Haisikiki

Walinichukua kwa sababu ya Kihehe.
Vijana wa mitambo walikuwepo tayari,
ila hawakujua kwamba Luvanda akisema mbolea
hamaanishi mbolea,
na akihamia lugha ya mama yake
ndipo bei inapotajwa.

Chumba kiko juu ya duka la mabati, Miyomboni,
dirisha limebandikwa magazeti ya mwaka juzi.
Julai naandika nimevaa koti,
hedifoni zinanipa joto la masikio,
chupa ya chai imebana kati ya magoti.
Mkuu hupita saa nne, kikohozi kikimtangulia:
viwili vifupi, kimoja cha kuburuza.

"Kamwene," anasema Luvanda.
"Kamwene," anaitikiwa kutoka Dodoma.
Wanaulizana mvua, watoto, mguu wa shangazi,
adabu ambayo hata wezi wetu hawajaiacha.
Dakika nne. Naandika zote, ndiyo kazi.
Dakika ya tano:
"Yule binti wa Mafinga, wazee wanasemaje?"
Binti ni kibali.
Binti ni ekari mia tatu za misonobari
ambazo hakuna aliyezipanda kati yao.
Mahari inahesabiwa kwa magunia ya viazi,
na gunia, nilichelewa kulielewa, ni milioni.

Luvanda hana ofisi, hana cheo, hana muhuri.
Ana meza ya pembeni hotelini, karibu na jiko,
na anamjua mheshimiwa
tangu enzi mheshimiwa akikopa nauli.
Hilo tu ndilo duka lake.
Wanaotaka zabuni hupiga foleni kwenye kumbukumbu hiyo.

Nayajua pia nisiyoulizwa.
Kila usiku humpigia mama yake Kilolo:
umevaa soksi? umefunga kuku?
Humwambia mkewe yuko Njombe, na nyuma yake
nasikia mwadhini wa hapa hapa mjini.
Akiambiwa subiri kwenye laini, huimba chinichini.
Anaimba vibaya.
Nimeanza kumzoea, Mungu anisamehe,
kama unavyomzoea panya anayekuamsha kwa wakati.

Jumanne ikaingia sauti ya tatu.
Haikusalimia.
"Maneno yako yote ninayo. Kuanzia Machi."
Kimya. Luvanda hakuimba.
"Na mimi nina watoto, bwana. Nihesabie magunia kumi."
Kisha viwili vifupi,
kimoja cha kuburuza.

Nilirudisha nyuma mara tatu.
Mara ya tatu mlango ulikuwa wazi
na Mkuu amesimama, ananuka vumbi la barabarani,
ananiwekea pipi ya mnanaa juu ya daftari.
"Kuna mahali hujasikia vizuri?"
Nikautazama mstari wa kumi na nne.
"Mahali pamoja, Mkuu."
"Basi andika hivyo."
Nikaandika, kwa mwandiko ule
masista wa Tosamaganga walioufundisha kwa rula:
sauti haisikiki.

Pipi niliila. Niseme ukweli, niliila.

Siku hizi malori yanashuka Ipogolo usiku,
magogo yamefungwa minyororo, utomvu bado mbichi;
binti ameolewa, na wakwe ni wengi kuliko tulivyodhani.
Fundi wangu ananiambia mbao zimepanda bei,
ananiuliza kama najua sababu.
Namwambia apunguze chumba kimoja.

Jumapili nilipanda Gangilonga, jiwe linenalo,
kama jina lake linavyodai.
Niliinama, nikaweka sikio, kazi ni kazi.
Lilikuwa baridi. Chini yake mtu alikuwa anapasua kuni.

Mama akapiga simu nikiwa pale juu.
Alianza kwa Kihehe, kama kawaida,
habari za ng'ombe, habari za mjomba na deni lake,
nami nikamjibu kwa Kiswahili kilichonyooka,
neno moja moja,
kama msomaji wa taarifa ya habari.
Akanyamaza.
"Mwanangu," akasema, "kwani nimekukosea nini?"

Nikamwambia mtandao unasumbua.